Mjumbe Hauawi

Ibtisam, binti wa kaka yangu, miaka kumi na tisa,
katengeneza filamu.
Kaichukua ile tamthilia ya kale
ya mfalme aliyeapa lango lisifunguliwe
na mwanawe yuko nje,
akaileta Mawaleh, kwenye shule ya sekondari.

Taji hakuna. Mfalme ni mwalimu mkuu,
dishdasha imepigwa pasi hadi inakata,
saa moja kamili anasimama getini:
aliyechelewa haingii, hata awe nani.
Aliyechelewa ni mwanawe, Muadh,
nywele mbichi, chapati ya jibini bado mdomoni.
Baba anamtazama.
Lango ni la umeme, linajifunga polepole,
lenyewe halimtazami mtu.

Milimani mvua imeshanyesha.
Aliyekulia Oman sentensi hiyo humtosha.
Kijana anageuza gari, anakata njia ya wadi,
kavu kama ulimi wa aliyefunga, saa kumi alasiri.

Mimi safu ya tano, bisi mapajani,
ubaridi wa sinema umenila vifundo,
nasubiri zamu yangu.

Maana mjumbe nilikuwa mimi.
Kidato cha tatu, Unguja,
jukwaa ni meza za darasa zilizofungwa kamba,
kanga nimeichafua kwa makusudi, majivu usoni.
Katika mchezo ule hafi mtu mbele ya watu.
Kifo hutokea huko, nyuma ya pazia,
na mmoja huja mbio kukisema.
Mistari arubaini na miwili. Niliimeza yote,
na hata leo nikiosha vyombo
miwili mitatu hujitokea yenyewe.
Bi Ghaniya alinifunza: usilie wewe.
Ukishalia wewe, wao watabakiwa na nini?

Ibtisam kamwondoa mjumbe.
"Shangazi, kamera inaona.
Ya nini mtu aje kusimulia?"
Wahenga walisema mjumbe hauawi;
mtoto huyu kamuua kwa kidole kimoja
kwenye kompyuta, wala tone la damu.

Basi maji yanakuja, rangi ya karaki,
yanaliinua gari kama mtu anavyoinua kikombe.
Vijana wa mbele yangu wanaacha kutafuna.
Haya. Nimeona. Kamera inaona.

Halafu jikoni.
Mama yake Muadh anachagua mchele.
Simu inatetemeka mezani, inajisogeza
kidogo kidogo kuelekea ukingoni, yeye haisikii.
Lakini kamera, tazama ilipokaa:
chini, chini kabisa, uvunguni mwa meza.
Nyuso haizioni. Inaona pindo la dera, visigino,
na mlangoni kandambili za mtu aliyefika,
ya kushoto imekatika mkanda,
imefungwa kwa uzi.
Hasemi mtu. Au wanasema, na sauti imezimwa.
Mchele unaanza kudondoka,
punje,
punje tena,
kisha sinia zima.

Kandambili zile nnazijua.

Ruwi, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Natoka hospitali, na saa ya kaka yangu
wamenipa ndani ya mfuko wa plastiki,
bado inakwenda.
Kila ngazi nilipanga neno, nikalipangua.
Wifi yangu Zuwena alikuwa anachagua mchele.
Sikulia. Nilisema kwa mpango,
mwanzo, kati, mwisho, kama nilivyofunzwa,
na kwa miaka kumi na sita nimejiuliza
kama ule ulikuwa ujasiri au mchezo.
Mtoto, tulidhani, kalala.

Taa zikawaka. Majina yakapanda ukutani,
mengine yamekosewa herufi.
Ibtisam akaja, kajifunga mtandio vibaya kwa haraka,
macho yanaruka.
"Umeionaje, shangazi?"

Nilikuwa na mistari arubaini na miwili.
Nikasema, "Iliyokatika ilikuwa ya kulia."

Akanishika mkono, akaniondolea bisi iliyonasa kwenye baibui.
"Hapana," akasema. "Ya kushoto."